Mstari Uliomzunguka Mama Mkwe

Baba yangu, Amoni Simbeye wa Chapwa, alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Mahindi yake yalisimama kwa mistari ambayo jirani walikuja kuitazama. Kitanda kikikaa upande hapati usingizi mpaka ainuke akisogeze. Kanisani alinyoosha mabenchi kabla ibada haijaanza, na mama yangu akajifanya hamjui. Watu walimcheka, na sisi watoto wake tulimcheka zaidi, kwa sababu ni sisi tuliopanga upya matofali yake kila alipofumba jicho moja na kutangaza kwamba yamepinda.

Sasa mtu huyo huyo aliwahi kuupinda mpaka wa nchi mbili. Hakuhongwa, wala hakulewa, maana pombe hakuijua. Aliupinda kwa adabu. Bibi yangu Loisi, mama yake mama, alinisimulia kisa hicho mara nyingi huku akicheka mpaka machozi. Baba alinisimulia mara moja tu, tena kwa shingo upande.

Alizaliwa kabla ya vita kuu ya kwanza. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya askari na hakurudi, kwa hiyo Amoni alikulia kwa wajomba, akichunga ng'ombe wa watu. Waingereza walipokuwa wameishika Tanganyika, akaja huku kwetu mpima ardhi mmoja, mrefu, mwekundu wa shingo, mkali wa maneno. Watu walimwita Bwana Jichomoja. Hakuwa chongo. Ni kwamba kila walipomwona alikuwa amefumba jicho moja, na jingine amelibandika kwenye darubini yake ya miguu mitatu. Alipima mashamba, viwanja vya makanisa na barabara, na alitaka vijana wenye miguu ya kupanda milima bila kulalamika. Ndipo baba alipoandikwa kazi ya mnyororo.

Mnyororo wenyewe ulikuwa wa chuma, wenye viungo virefu vyembamba, na ulibebwa na watu wawili. Wa mbele alitembea na ncha moja na fito zenye bendera. Wa nyuma alibaki na ncha ya pili penye kigingi. Wa nyuma akiwa tayari alipaza sauti, "Shika!" Wa mbele akavuta mpaka mnyororo ukakaza, kisha akajibu, "Nimeshika!" Hapo ndipo kigingi kipya kilipigwa nyundo, wakaendelea mbele. Kutwa nzima porini ilikuwa ni shika na nimeshika. Wa nyuma alikuwa Ezron, rafiki wa baba tangu utotoni, mtu mwenye domo refu na moyo mwema. Mama alisema baba alikuwa akijibu "Nimeshika" hata usingizini.

Mama yangu aliitwa Ferista. Ezron ndiye aliyekuwa mshenga, akapeleka maneno, akarudisha maneno, mpaka ndoa ikafungwa. Na hapa lazima niseme habari ya wakwe, maana vijana wa leo hawataelewa. Siku hizi mkwe anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anauliza leo kuna nini. Sisemi kitu. Lakini kwa Wanamwanga wa wakati ule mwanaume hakuonana na mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia porini. Uani kwake hakanyagi. Jina lake halitamki, hata akiulizwa na nani. Na mshenga naye alishika miiko hiyo hiyo, kwa kuwa mkwe wa rafiki yake ni mkwe wake pia. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa na mwisho: siku ikifika, mama mkwe humpikia mkwe wake, humwita uani, naye huja na jembe la zawadi, huingizwa rasmi, na tangu siku hiyo huwa mwana wa nyumba.

Baba alikuwa bado hajaingizwa. Kwanza kazi ilimweka mbali. Halafu wakaja nzige kutoka Rukwa, wakala kila kitu kilichokuwa na rangi ya kijani, na karamu ya mkwe ikasahauliwa, kwa sababu nani apike nini? Miaka ikapita. Bibi Loisi alikuwa mjane, akiishi peke yake bondeni, upande wa magharibi wa Chapwa, katika nyumba aliyojengewa na mumewe. Nyuma ya nyumba ndiko mumewe alikozikwa. Kila jioni alikaa kidogo pale kaburini, akimweleza marehemu habari za siku. Alisema marehemu alikuwa msikilizaji mzuri zaidi kuliko alipokuwa hai.

Baada ya nzige ikaja kazi ya mpaka. Nguzo za zamani, za wakati wa Mjerumani, zilikuwa mbali mbali, nyingine zimemezwa na majani, na serikali zote mbili, ya Tanganyika na ya Rodeshia, zilitaka nguzo mpya zisimamishwe katikati. Bwana Jichomoja akapewa kipande chetu. Alisimamisha bendera kubwa kwenye kilima cha mbele, akaweka darubini yake kwenye kilima cha nyuma, na kwa ishara za mkono akawaongoza watu wa mnyororo: kulia kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo. Mahali penye bonde alikuwa hawaoni. Huko chini walijiongoza wenyewe kwa kupanga fito, ya mbele ifichwe na ya nyuma, mpaka wakipanda upande wa pili waione tena ile bendera.

Basi siku moja wakashuka bondeni. Baba yuko mbele na fito zake, Ezron nyuma, na wafyekaji wakifuata na mashoka. Walipotoka kwenye miyombo baba akainua macho. Mstari ulikuwa unaelekea moja kwa moja kwenye ua wa Loisi. Na Loisi mwenyewe alikuwa ameketi pale uani, anapepeta ulezi.

Baba aligeuka haraka mpaka fito zikamwanguka.

"Ezron, unaona?"

"Naona," Ezron akasema, naye ameshageuza uso. "Mwe! Tusogee huku juu, tupite nyuma ya nyumba."

"Na mstari?"

"Mstari utangoja. Utampita mkweo puani na mnyororo, kweli? Watu watasemaje?"

Wafyekaji nao wakasema ni kweli, haiwezekani. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba lipo kosa. Wakauvuta mnyororo upande wa kaskazini, wakapita nyuma ya nyumba kwa kunyata, wakapiga kigingi cha nguzo pale walipofika, kisha wakapanda kilima wakiifuata bendera. Jioni Bwana aliona urefu umezidi kidogo. Akajikuna shingo, akasema mteremko wa bonde lile ni mbaya. Baada ya siku chache mafundi wa zege wakaja, wakajenga nguzo juu ya kigingi, nyeupe, imara. Ilisimama kati ya mlango wa nyuma wa Loisi na kaburi la mumewe.

Ukweli ukaonekana pale mpaka ulipotangazwa. Jumbe alikuja kwa Loisi na tarishi wa boma la ng'ambo. Wakamweleza kwa upole kwamba nyumba yake sasa iko Rodeshia, na shamba lake liko Tanganyika. Mtu hawezi kulala kwa serikali moja na kulima kwa nyingine. Akishavuna achague: abomoe ajenge upande wa shamba, au abaki aandikwe kule na shamba alisahau. Na kaburi je? Loisi akauliza. Tarishi akasema kaburi haliandikwi popote.

"Mimi sijahama," Loisi akawaambia. "Tangu niolewe nimekaa hapa. Nguzo ndiyo iliyonihamia. Kaiambieni hiyo ibomoe ijenge kwingine."

Habari ilifika Chapwa kabla ya jioni. Mama alimkuta baba anachonga mpini wa shoka.

"Baba Anastazia," akasema, maana dada yangu mkubwa alikwisha kuzaliwa, "mstari ule ulipita wapi?"

Baba akamweleza. Hakuficha kitu.

"Ukazunguka?"

"Ningefanyaje? Mama yako alikuwa ameketi pale."

Mama aliniambia kwamba hakupata kuumia vile maishani mwake, kwa sababu alitaka kumlaumu na hakupata pa kuanzia. Kama baba angepita uani na chuma chake mbele ya mkwe, mama angerudi kwao kwa aibu. Alifanya kile ambacho mume mwema hufanya, na kwa hicho hicho mama yake anatolewa nyumbani. Akakaa chini akalia. Baba akaendelea kuchonga mpini mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

Njia ilikuwa moja: kumwambia Bwana. Lakini baba aliiogopa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuharibu mpaka wa serikali haikuwa kosa dogo. Wapo waliofungwa kwa kung'oa kigingi tu. Ya pili ndiyo iliyomnyima chakula. Mstari wa kweli alikuwa haujui. Aliouona kwa macho siku ile ulikuwa unaingia uani, na kama ungepita penye nyumba yenyewe, nyumba ingevunjwa siku hiyo hiyo, maana njia ya mpaka hufyekwa ikawa nyeupe. Kwa kunyamaza alikuwa anampokonya mkwe wake shamba na kaburi. Kwa kusema angeweza kumpokonya nyumba.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Nenda ukaseme," akamwambia. "Nyumba ikivunjwa na mstari wa kweli, tutalia na kumjengea. Ikiponzwa na uongo wako, mimi sitaweza kukutazama."

Asubuhi baba akaenda kambini na Ezron. Bwana alikuwa anakunywa chai mbele ya hema. Mpishi wake, Yonasi, mtu wa Ivuna, alikuwa karibu na moto. Baba akavua kofia, akasema yote. Kadiri alivyosema, shingo ya Bwana ilizidi kuwa nyekundu.

"Nani alikufundisha kupinda mstari?"

"Adabu, Bwana."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mama wa mke wangu."

"Jina lake!"

Baba akanyamaza. Bwana akamgeukia Ezron, na Ezron, ambaye siku zote ilikuwa kazi kumnyamazisha, akatazama juu ya miti. Bwana akapiga meza, chai ikamwagika. Alidhani wanamficha mtu, kwamba kuna hila ya ardhi ndani yake, na akaanza kutaja polisi. Hapo Yonasi akaweka chini kijiko chake.

"Anaitwa Loisi, Bwana. Hawa hawafichi kitu. Kwao jina la mkwe halitamkwi." Kisha akamweleza habari yote ya miiko, ya kuingia porini, ya ua usiokanyagwa. Kwao Ivuna nako wakwe walipeana heshima, kwa hiyo aliyajua mambo hayo.

Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia baba.

"Yaani mpaka wa Mfalme umekwenda kuzunguka nyuma ya nyumba kwa sababu mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi?"

"Ndiyo, Bwana."

Bwana akavua kofia, akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Baba alifikiri analia. Yonasi ndiye aliyemwambia baadaye kwamba mzungu alikuwa anacheka. Lakini alipoondoa kofia alikuwa mkali tena. "Mstari wa serikali hauna mkwe," akasema. "Keshokutwa tunarudia. Wewe utapita uani na fito, mkononi mwako mwenyewe. Ukishindwa, kazi huna. Na utakapopita mstari, hapo ndipo utakapobaki, hata ukiwa juu ya kitanda chake."

Baba alirudi nyumbani ana siku moja tu ya kuingizwa rasmi awe mwana wa nyumba ya Loisi. Mama akakimbia bondeni kupeleka habari. Alitegemea mama yake akasirike, maana jambo kama lile hupangwa, watu huitwa, pombe au togwa hupikwa. Loisi alisikiliza, akainuka, akamkamata jogoo wake mkubwa.

"Mwambie aje," akasema. "Nimemngoja tangu kabla ya nzige. Jembe asisahau."

Kesho yake mchana baba akaja. Ezron alitangulia, baba nyuma yake na jembe jipya la mhunzi, uso umeelekea chini. Walipofika ukingoni mwa ua miguu ilimgoma kabisa. Ezron akamvuta mkono. Wakaketishwa mkekani wakimpa mwenye nyumba mgongo. Akaja Loisi na kibuyu, akamnawisha baba mikono kwa maji, akaweka mbele yake ugali wa ulezi na jogoo mzima. Baba akamkabidhi jembe kwa mikono miwili bila kutazama.

"Inua uso, mwanangu," Loisi akasema.

Baba akainua. Miaka yote ile alikuwa amemkimbia, ameruka mitaro, ameingia kwenye miiba, na katika mawazo yake mama mkwe alikuwa mkubwa wa kutisha. Kumbe ni mwanamke mfupi, mwenye pengo mbele, anayetabasamu. Baba akabubujikwa na machozi juu ya ugali.

"Usilie, utatia chumvi mara mbili," Loisi akamwambia. "Na siku ile nilikuona. Niliwasikia na chuma chenu tangu juu kule. Nikajisemea, nimgeuzie mgongo mkwe wangu apate kupita. Nimekaa hivyo mpaka shingo imeniuma, kumbe wewe umekwenda kuzunguka mpaka kwa marehemu!"

Ezron akacheka mpaka akapaliwa na nyama. Baba akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu nguzo ile ijengwe.

Lakini kesho yake hakuna aliyecheka. Wafyekaji walikata miti mlimani ili bonde lionekane, na Ezron akafunga bendera kwenye fito ndefu kuliko zote walizokuwa nazo. Bwana alikuwa kileleni na darubini. Baba alisimama uani kwa Loisi na fito hiyo mkononi, ubavuni kabisa mwa nyumba, akitazama mkono wa Bwana ulioonekana mdogo kule juu. Mama alikuwa amemshika mama yake bega. Mkono ukaashiria kusini. Baba akasogea. Ukaashiria tena kusini. Akasogea, akapita dirisha. Tena. Akapita ukuta wa nyumba, akatoka chini ya upenu, akafika penye jua. Akangoja. Mkono wa Bwana ukashuka: hapo hapo.

Baba akachoma fito ardhini. Ilisimama kati ya nyumba na banda la kuku. Nyumba, shamba na kaburi, vyote vilikuwa Tanganyika. Akaketi vumbini pale pale, na Ferista akaja akaketi karibu naye mbele za watu wote, jambo ambalo wakati ule halikufanywa. Wafyekaji wakapiga vigelegele vya wanawake kwa sababu wanawake waliokuwepo hawakutosha.

"Na kuku?" mmoja akauliza. "Kuku wamekwenda Rodeshia."

"Waende," Loisi akasema. "Mayai watayaleta."

Bwana aliposhuka aliitazama fito, akaitazama nyumba iliyokuwa karibu mno na mstari. Akasema hapa zifyekwe nyasi tu, ukuta usiguswe. Ile nguzo ya nyuma baba aliivunja mwenyewe kwa nyundo, na aliniambia hakuwahi kufanya kazi tamu kama ile. Adhabu aliipata: msimu mzima alishika shoka badala ya mnyororo. Alifyeka huku akiimba. Msimu uliofuata akarudishwa mbele, na hakupinda tena mstari mpaka alipostaafu.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo, na Bibi Loisi ninayemkumbuka alikuwa tayari ana ukungu machoni. Ulizidi kidogo kidogo, na dawa za hospitali hazikusaidia. Alipokuwa haoni tena tulimsihi aje Chapwa akae nasi. Akakataa. Mumewe yuko bondeni, akasema, na mazungumzo yao hayajaisha. Lakini alikuwa anaanguka. Mara moja tulimkuta amelala kwenye mtaro, amepotea njia kati ya mlango wake na jiko.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na baba alikuwa anamalizia kazi. Mnyororo ukivutwa miaka mingi hurefuka, na uliorefuka hudanganya, kwa hiyo hutupwa. Baba akauomba ule wa zamani. Akaja nao bondeni begani, akachimbia nguzo za mninga zinazofika kiunoni, akafumba jicho moja, akanisogeza nikiwa nimeshika fito: kushoto, kulia kidogo, hapo hapo. Akaukaza mnyororo kutoka mlangoni kwa Bibi hadi jikoni, kisha kutoka mlango wa nyuma hadi kaburini. Huko nyuma ulipita mahali pale pale ilipokuwa nguzo aliyoivunja.

Tangu hapo Bibi hakuanguka. Kila jioni alipitisha mkono kwenye chuma kile akatembea peke yake mpaka kwa mumewe, akakaa, akazungumza, akarudi. Na baba, aliyekuwa akimkimbia porini, alikuja kila jioni akaketi uani akimngoja. Bibi alipotaka kurudi alitikisa mnyororo, akapaza sauti ambayo alikuwa ameisikia tangu siku ile ya ulezi.

"Shika!"

Na baba, mzee sasa, akainuka, akaushika mnyororo upande wa mlangoni ili mama mkwe wake ausikie umekaza.

"Nimeshika, mama. Njoo."